Nusu Nyingine Unayo Wewe

Hotuba kwa walimu na wanafunzi, Siku ya Kiswahili Duniani

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanafunzi, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, naomba nianze.

Nianze kwa kuwajaribu. Mimi nasema, ninyi mnamalizia. Asiyesikia la mkuu...

(Ukumbi: "Huvunjika guu!")

Ukistaajabu ya Musa...

(Ukumbi: "Utaona ya Firauni!")

Uwezo tunao, sababu tunayo...

(Ukumbi: "Nia tunayo!")

Ahsanteni. Sasa tazameni mlichokifanya. La kwanza na la pili ni methali, mmefundishwa darasani. La tatu si methali. Ni maneno ya mtu mmoja, yaliyosemwa siku moja inayojulikana, kwa jambo zito. Wengi wenu humu hamkuwa mmezaliwa. Mbona mmeyamalizia kwa kasi ileile na kwa sauti ileile? Nitayarudia maneno hayo baadaye, kwa sababu yaliwahi kunitia aibu mbele ya baba yangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya tabia ya kuchomeka mistari ya nyimbo, maneno ya redioni, ya filamu na ya vichekesho katika mazungumzo yetu ya kila siku. Aliyeniletea mwaliko aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli: je, mwalimu, huoni kwamba vijana wetu hawana tena maneno yao wenyewe? Kila wanachosema wamekiokota mahali. Mtoto anaombwa chumvi mezani, anajibu kwa mstari wa wimbo. Anaulizwa matokeo ya mtihani, anajibu kwa maneno ya mchekeshaji.

Naelewa wasiwasi huo, lakini siukubali. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na nimefika mahali pa kuamini jambo moja. Anayenukuu hakupi maneno kamili. Anakupa nusu. Nusu nyingine anaamini unayo wewe. Usipokuwa nayo, alichosema hakijakamilika, ni kama mtu aliyekunyoshea mkono nawe hukuupokea. Ndiyo maana mtu hanukuu mbele ya asiyemjua. Mwanzoni mwa hotuba hii nimenyosha mkono mara tatu, nanyi mmeupokea mara tatu, na tangu hapo sisi si wageni tena kwa wenzetu. Je, kuna salamu ipi iliyo kubwa kuliko hiyo?

Mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na sanduku la kanga. Wanaume waliomo humu huenda wanadhani mwanamke anaponunua doti ya kanga anatazama rangi na pindo. Anatazama, ndiyo. Lakini kwanza anasoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Kanga yenye jina lisilosema kitu hubaki dukani, hata mji wake, ile sehemu ya katikati, uwe umechorwa vizuri namna gani.

Kanga zilianza kuvaliwa pwani yetu karne ya 19. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa mwanzo kuzitia maandishi ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye kanga zake tunazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Zamani maandishi yalikuwa kwa hati za Kiarabu, baadaye yakaja haya tunayoyasoma leo. Fikirini maana yake. Tangu enzi za mabibi wa bibi zetu, mwanamke wa pwani amekuwa akitembea na nukuu mgongoni. Hakuitunga yeye. Aliichagua miongoni mwa nyingi, akachagua na siku ya kuivaa, na mlango wa kupita mbele yake.

Nilipokuwa na miaka kama minane, mama alikosana na jirani yetu. Chanzo sikukijua mpaka leo. Ninachojua ni kwamba hawakutukanana hata mara moja. Asubuhi moja mama alikwenda bombani amejifunga kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Alipita mbele ya baraza ya jirani, na mwendo wake ulikuwa wa polepole kuliko siku nyingine, ingawa ndoo ilikuwa tupu. Baada ya siku mbili jirani akatoka kuanika nguo, na mgongoni kwake tukasoma: "Hasidi hana sababu". Barabara nzima ilisoma. Wala hakuna aliyeweza kwenda kwa balozi wa nyumba kumi kushtaki, maana angesema mwenzake kakosa nini? Kavaa nguo?

Yakaenda hivyo wiki kadhaa. Kisha mama akajifungua mdogo wangu wa mwisho, na haikuwa salama sana. Alitoka hospitali hana nguvu. Jioni ya siku ya pili jirani akabisha hodi. Ameshika bakuli la uji wa pilipili manga, amelifunika kwa kanga mpya. Hakusema neno. Aliliweka kwenye kigoda karibu na kitanda. Mama, naye amelala, akanyosha mkono, akakunjua pembe ya kanga ili asome. "Wema hauozi." Nilimwona akilia, na jirani naye akakaa chini mkekani.

Hakuna aliyesema samahani nyumba ile. Hakuna aliyesema nimekusamehe. Nani angeanza, na angeanzia wapi? Kati ya watu wawili waliokuwa na kiburi sawasawa, maneno yao wenyewe yasingepita. Yakapita maneno ya kiwandani, yaliyochapwa kwenye maelfu ya kanga, ambayo siku hiyo yalikuwa ya wanawake wawili tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anayesema kwa maneno ya kuokota hana la moyoni, mimi namkumbuka mama yangu na lile bakuli.

Taarabu nayo ina jambo kama hilo. Tanga ya utoto wangu ilikuwa Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kwa wasiowahi kuhudhuria, niwaeleze kitu kimoja. Katika ukumbi wa taarabu msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Mgeni hudhani anatoa fedha kwa sababu ya sauti nzuri. Mara nyingine ni hivyo. Lakini mtazame yule aliyekaa tangu wimbo uanze, noti ameikunja kiganjani, hainuki. Ubeti wa kwanza unapita, wa pili unapita. Unapofika mstari wake, ule unaosema jambo lililompata yeye, hapo ndipo anaposimama. Anakwenda kwa madaha, mkono juu, noti inaonekana, na macho yake hayako kwa mwimbaji, yako kwa mtu aliyekaa kona fulani ya ukumbi. Amenukuu, na mdomo wake haukufunguka. Mwenye kuambiwa ameelewa, na nusu ya ukumbi imeelewa. Kesho akiulizwa atasema, mimi nilifurahia wimbo tu.

Hapo ndipo penye nguvu ya jambo hili, na ndipo penye hatari yake pia. Maneno ya kuazima humkinga anayeyasema. Yanamruhusu mnyonge kusema mbele ya mkubwa, na yanamruhusu mwenye chuki kuchoma bila kuulizwa. Ngao ni ileile. Kuna nyumba zimevunjika kwa kanga na kwa taarabu, tusijidanganye. Mpasho ukimwendea mtu asiye na wa kumjibia, hiyo si busara, ni uonevu uliovaa nguo nzuri.

Lakini tazameni mnyonge anavyoitumia. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa wimbo wake wa "Ndio Mzee". Ndani yake kuna mgombea anayemwaga ahadi juu ya ahadi, na kila ahadi umati unaitikia, ndiyo mzee. Wimbo ule ulitoka redioni ukaingia maofisini, ukaingia kwenye vikao vya shule, ukaingia kwenye harusi. Mkubwa akisimama na kuahidi jambo ambalo kila mtu anajua halitakuwa, mtu wa nyuma anasema taratibu: "Ndiyo mzee." Basi. Chumba kizima kimesikia, na mkubwa naye kasikia. Atamkamata kwa lipi? Mtu amemkubalia! Miongoni mwa maneno mawili yale ya utii kulikuwa na hukumu kamili, na aliyekuwa nayo nusu ya pili alikuwa kila mwananchi aliyeusikia wimbo. Baadaye mwimbaji mwenyewe, Joseph Haule, aligombea akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na naamini kwamba kila aliposimama kuahidi jambo, wapiga kura wake walikuwa na kipimo alichowapa yeye mwenyewe.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ninaoupenda kuliko huo. Mwaka 1966, katika Sauti ya Kenya, Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Kilidumu zaidi ya nusu karne. Mzee Mbotela ametutoka Februari 2025, Mungu amrehemu. Kazi ya kipindi ilikuwa kueleza vitendo vya watu, vile vidogo vya nyumbani, barabarani na kazini, kisha kumwachia msikilizaji swali. Nina binamu yangu Mombasa. Nikienda kwake nasikia wajukuu, watoto waliozaliwa juzi, mmoja akimaliza maji ya baridi bila kujaza chupa, mwenzake anamwambia: "Je, huu ni ungwana?" Watoto hawa hawakukaa na redio wakasubiri kipindi. Wameyapata maneno kwa bibi yao. Nami hupenda kuona jinsi anayeambiwa anavyoinuka kwenda kujaza chupa. Angeambiwa "wewe ni mchoyo", wangepigana. Swali la Mzee Mbotela halimwiti mtu jina baya. Linamuuliza, na linamwachia nafasi ya kuwa mwungwana.

Sasa, wapo wanaosema kwamba haya yameletwa na redio, na simu, na mitandao. Zamani, wanasema, watu walizungumza kwa akili yao. Ngoja niwapeleke Mombasa ya Muyaka bin Haji.

Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Kabla yake, mashairi mengi tuliyoachiwa ni ya dini, ya mawaidha na ya mashujaa wa Kiislamu. Yeye alitunga juu ya mapenzi, njaa, vita vya Mombasa na Unguja, bei za vitu, nyumba iliyoharibika, rafiki aliyegeuka. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa msanii wa mtaani, na mtaa wake ulikuwa mji mzima. Hakuchapishwa akiwa hai. Beti zake zilikaa vinywani mwa watu. Mtu akigombana na mwenzake anatoa mstari wa Muyaka, akiachwa na mke anatoa mwingine. Karibu nusu karne baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipoanza kuzikusanya akisaidiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, alizikuta hai kwa wazee waliozihifadhi kichwani. Kitabu kilichapwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtungaji kuzikwa.

Wapendwa, tafakarini hilo. Laiti watu wa Mombasa wangekuwa na haya ya kusema kwa maneno ya mwingine, Muyaka leo tusingekuwa naye. Kila aliyemnukuu barazani alikuwa mtunza maktaba bila kujua. Na hizi methali tunazozifundisha, hivi nani alitunga "Haba na haba hujaza kibaba"? Alikuwapo mtu. Alisema mara moja, mahali fulani, pengine katika wimbo wa kutwanga, na waliomsikia wakayapenda, wakayarudia, mpaka jina lake likaisha na maneno yakabaki.

Niwaambie sasa upande unaoniuma.

Nilipokuwa bwenini, tulikuwa wasichana sita chumba kimoja. Watano tulitoka miji ya pwani, na tulikuwa tumekulia kwenye filamu za Kihindi. Tuliijua mistari ya filamu zile kwa Kihindi chake, hata maneno ambayo maana yake hatukuijua tuliyatamka vilevile kama waigizaji. Mmoja akirudi amekosa barua kutoka nyumbani, mwingine anatoa mstari wa mama anayemlilia mwanawe, na chumba chote kinaangua kicheko. Wa sita wetu alitoka kijijini, bara, mbali. Hakuwahi kuingia sinema. Alikuwa anacheka, lakini kicheko chake kilikuja nyuma kidogo ya chetu. Ukitaka kumjua mtu aliyeachwa nje, sikiliza wakati wa kicheko chake.

Muhula mzima ulipita hivyo. Usiku mmoja, taa zimezimwa, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, huwa mnacheka nini?" Mpaka leo swali lile linanichoma. Mkono ule ninaousifia leo, sisi tuliunyosha juu ya kichwa chake kwa miezi mitatu. Nilimsimulia filamu moja usiku ule, mwanzo mpaka mwisho, nikimweleza nani ni nani. Kesho yake aliposikia mstari wa filamu hiyo alicheka pamoja nasi, sawasawa. Kumbe ilihitajika nusu saa tu gizani.

Kwa hiyo vijana, sikuombeni muache. Nawaomba mtazame nani yuko mezani. Maneno yenu sasa yanazaliwa Jumatatu na kufikia Ijumaa yamechakaa. Bibi yako hawezi kwenda kasi hiyo, na mgeni hawezi, na mwanafunzi aliyehamia juzi kutoka shule nyingine hawezi. Ukiona kicheko cha mtu kimechelewa, simama, msimulie. Utamu haupungui. Kwetu hadithi ya kusimuliwa mara ya pili ndiyo iliyo na chumvi.

Na sasa lile deni.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwezi uliotangulia, watu wetu wameuawa, nyumba zimechomwa. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Vita vikaenda mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979.

Maneno yale hayakubaki vitani. Ni mazuri mno kwa masikio, yana mizani kama ya shairi, kila mtu anaweza kuyageuza. Wapenzi wa mpira wanayasema kabla ya mechi ya Simba na Yanga. Wafanyabiashara wanayasema, wanaotaka kuoa wanayasema. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na sita, shule yetu inacheza netiboli na shule jirani, na mezani nyumbani nikainua kijiko nikatangaza: uwezo wa kuwapiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo! Ndugu zangu wakashangilia.

Baba akaacha kula. Hakufoka. Alikaa kimya muda, kisha akasema: "Siku maneno hayo yanasemwa redioni, mimi nilikuwa nimekaa na mdogo wangu. Palepale ulipokaa wewe."

Baba mdogo alikwenda vitani na hakurudi. Nilijua hivyo kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, kwa picha iliyo ukutani na kwa kisomo cha kila mwaka. Sikuwa nimejua kwamba maneno niliyokuwa nachezea yalikuwa na kiti chake mezani kwetu.

Je, nilikosea kuyasema? Nimelifikiria swali hili miaka mingi. Sidhani kwamba Mwalimu angetaka maneno yake yafungiwe kabatini. Sidhani hata baba alitaka. Kosa langu lilikuwa kwamba nusu yangu ilikuwa nyepesi na nusu ya baba ilikuwa nzito, na mimi sikujua kama kuna uzito. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Kabla ya kuazima maneno ya mtu, nauliza yalisemwa lini, kwa nani, na nani aliyagharimia. Nikishajua, nayasema. Mara nyingine nikishajua nanyamaza.

Kuna njia nyingine ya maneno kupoteza nusu yake, nayo ni kuchukuliwa na wenye nguvu. Kenya mwaka 2002, vijana wawili wa Gidi Gidi Maji Maji waliimba "Unbwogable". Walilichukua neno la Kijaluo, bwogo, kutisha, wakalivisha Kiingereza mbele na nyuma, likawa "asiyetishika". Walikuwa wanajisemea wenyewe, vijana wanaohangaika mjini. Katika miezi michache neno likawa la upinzani mzima, likaimbwa kwenye mikutano mpaka uchaguzi wa Desemba uliomwingiza Mwai Kibaki madarakani. Kwa mwananchi aliyekuwa kwenye foleni ya kupiga kura lilikuwa neno la ujasiri. Lakini mwanasiasa akilisema akiwa ameshashika madaraka, ndani ya gari lenye walinzi, ni nani anayemtisha? Neno limebaki, mwenye haki ya kulisema amebadilika. Ninyi wapiga kura wa kesho mkisikia mstari mnaoupenda ukitoka kwenye kipaza sauti cha mkutano wa kampeni, jiulizeni nusu ya pili anaitegemea iwe nini.

Na "hakuna matata" je? Mwaka 1982 Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana", wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mwaka 1994 Disney wakatoa The Lion King, maneno yale mawili yakazunguka dunia. Disney waliyaandikisha Marekani kama alama yao ya biashara, usajili ukakamilika mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamika. Leo mgeni akishuka uwanja wa ndege anatusalimia kwa maneno hayo kwa furaha kabisa, nasi huku Tanzania kati yetu tunasema hamna shida, au hamna noma, au wala usijali. Matata kwetu ni zaidi ya shida. Kuna mtoto matata, kuna maneno ya matata, na uzi ukijifunga fundo tunasema umetatana. Mgeni hana habari ya uzi huo. Nawaombeni msimcheke. Mwambieni. Ameshika nusu, anyoshewe nyingine. Yeye ndiye msichana wa sita wa bwenini.

Walimu wenzangu, neno langu kwenu ni fupi. Nilipokuwa darasa la saba niliandika insha juu ya msiba, nikatia mstari mmoja wa taarabu, kwa sababu ndio ulioimbwa kichwani mwangu siku ile ya maziko. Mwalimu aliukata kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Lugha ya mtaani." Sikuweka tena wimbo katika insha kwa miaka mingi, na insha zangu zikawa safi na hazikuwa na mtu ndani. Nilipokuwa mwalimu, nami nilikata mistari ya watoto wa wenzangu kwa kalamu ileile, miaka mitano au sita, kabla sijatanabahi. Sasa mwanafunzi akiniletea mstari wa Singeli ndani ya insha siukati. Namwita. Namuuliza: nani kaimba? Mstari uliotangulia ni upi? Kwa nini huu, mbona si ule? Mara nyingi mtoto hajui, anakwenda kutafuta, na akirudi ameuelewa wimbo kuliko aliyeuimba. Huo ni uhakiki wa fasihi, ndugu zangu. Umeingia darasani kwa miguu yake wenyewe.

Namalizia na mama.

Miaka minne kabla ya kufariki alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakapotea. Aliweza kusikia, macho yake yalikuwa yanaelewa, ila akitaka kusema, linatoka neno lisilolingana, au halitoki kabisa. Jina langu hakuweza kulitaja. Kwa mwanamke aliyekuwa hasemi sana, kunyang'anywa na yale machache aliyokuwa nayo kuliniuma kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Siku moja nilikuwa natoa kanga zake sandukuni kuzianika jua, maana mvua za masika zilikuwa zimeleta ukungu. Yeye amekaa barazani ananitazama. Nikawa nasoma majina kwa sauti, ili tu nyumba isiwe kimya. Nikafika kwenye ile ya bakuli la uji, imefifia rangi. Nikaikunja taratibu, nikaiweka pembeni. Nikatoa nyingine, ya manjano, nikasoma: "Japo sipati..."

Nikakohoa vumbi, nikanyamaza.

Nyuma yangu mama akasema, kwa sauti yake, wazi kabisa: "Tamaa sikati."

Tulishinda barazani mpaka adhuhuri, mimi naanza, yeye anamaliza, sanduku zima.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.